Aliyenilazia kiti alinikosea adabu, au mimi ndiye mshamba wa ndege?

SWALI: Shikamoo Mama. Mwezi uliopita nilikwenda Uingereza kumwona mdogo wangu. Ndege ya Dar hadi Mwanza nimeshapanda mara mbili, lakini safari ya usiku mzima hii ndiyo ya kwanza. Kijana wa mbele alilaza kiti bila kusema neno, chai ikanimwagikia mapajani. Dada wa Kizungu aliyekaa pembeni nilimsalimia, hakuitikia. Kabla hatujaruka baba mmoja aliniomba nimpishe kiti cha dirishani, ambacho nilikilipia, ili akae na mkewe. Nikakataa, na roho ikanisuta hadi tunatua. Tumbo lilijaa gesi, miguu ikavimba viatu vikagoma, na wakati wa kushuka masikio yaliniuma mpaka machozi yakanitoka. Hapo yule dada asiyeitika salamu akanisogezea pipi. Niliikataa, maana sisi wa mabasi ya mikoani tumeonywa sana kuhusu pipi za watu tusiowajua. Naomba unieleze: adabu za ndege ni zipi? Nilikosewa, au mimi ndiye mshamba? Desemba mama yangu naye atasafiri, sitaki yamkute yaliyonikuta. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu, si kwa kukucheka wewe. Kila ulichokitaja humo nimewahi kukipangusa, kukiamua au kukifanya mwenyewe katika miaka 23 niliyosukuma toroli la chakula angani, kabla magoti hayajanishusha chini kufundisha wahudumu wapya. Nikujibu kwa mkato kwanza. Kwenye chai ulikosewa. Kwenye kiti cha dirishani hukumkosea mtu. Tumbo, miguu na masikio ni kazi ya hewa na ya kukaa kitako, hapo hakuna wa kumnunia. Na pipi nimeiweka mwisho makusudi.

Sisi tumelelewa na hodi. Hata nyumba isiyo na ua, mgeni husimama mwembeni akaita, akasubiri "karibu", ndipo akasogea. Ndani ya ndege hakuna mlango kati ya mtu na mtu, wala pazia, na hapo ndipo watu wazima wenye heshima zao wanapojisahau. Kiti cha daraja la kawaida kina upana wa inchi 17 au 18. Kutoka mgongo wa kiti kimoja hadi mgongo wa kinachofuata ni inchi 30 hadi 32 kwenye mashirika mengi, na yale ya nauli nafuu hubana hadi 28. Piga hesabu: umekodishiwa eneo dogo kuliko mkeka wa kuswalia, ule humo, ulale humo, na ukitaka kulia ulie humohumo, kwa saa nane au kumi.

Tena kuna jambo ambalo hatulitangazi kwenye kipaza sauti. Zile inchi chache ambazo kiti cha mbele hulalia zimeuzwa mara mbili. Kijana wa mbele ameambiwa kiti chake kinalala; wewe umeambiwa hapo ni mahali pako pa kulia. Ni kiwanja kimoja chenye hati mbili, na kesi za viwanja unazijua zinavyokwenda: waliouziwa wanashikana mashati, aliyeuza yuko ofisini na kiyoyozi chake. Agosti 2014 ndege iliyokuwa ikitoka Newark kwenda Denver, huko Marekani, ililazimika kutua Chicago ili kuwashusha abiria wawili. Mmoja alikuwa amebana kidude cha plastiki kwenye mikono ya meza yake ili kiti cha mbele kisilale. Mwenye kiti akageuka akammwagia maji. Watu wote wa ndege ile wakachelewa kwa sababu ya inchi hizo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na si ya shirika lolote. Kulaza kiti ni ruhusa, hasa usiku baada ya sahani kuondolewa. Kulaza bila hodi ni utovu wa adabu. Kulaza wakati watu wanakula ni utovu wa adabu hata ukipiga hodi, ndiyo maana wahudumu hupita wakiomba viti vinyooshwe chakula kikianza. Hodi yenyewe haina gharama: unageuka, unamwangalia wa nyuma kama ana kikombe au kompyuta mezani, unasema "samahani, nalaza kidogo", kisha unakirudisha polepole kama anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto mchanga. Na wewe uliye nyuma, siku nyingine usingoje chai imwagike. Mguse bega kwa ncha za vidole, umwambie una kikombe mezani. Goti mgongoni mwake halisemi kitu ila ugomvi. Ikishindikana, bonyeza kile kitufe chenye picha ya mtu.

Nasisitiza kitufe kwa sababu nawajua watu wetu. Abiria wa Dar na Mombasa wataona haya kubonyeza, watakaa na kiu saa tano, halafu mhudumu akipita wamvute sketi au wampigie "psst!" kama wanamwita mchoma mihogo. Nimeshikwa kiuno angani mara zisizo na idadi, na wanaume ambao sokoni wasingethubutu. Kitufe ndicho chenye adabu. Usikibonyeze tu ndege inapopaa au kutua, maana tumefungwa mikanda kama wewe, na tukisikia mlio wake wakati huo tunadhani mtu anakufa.

Chai nayo niitetee kidogo kabla hatujaendelea. Hewa iliyomo ndani ya ndege imepunguzwa mgandamizo, na kwa mgandamizo huo maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100. Majani hayatoi rangi yake yote. Ongeza ukavu wa hewa na kelele za injini, ulimi unapoteza sehemu ya utamu na chumvi. Kwa hiyo aliyezoea chai ya kupikwa na iliki atainywa ile ya kwetu kama dawa. Chenye ladha ileile juu na chini ni nyanya. Ndiyo maana utaona wazee wa Kizungu wanaagiza juisi ya nyanya, kitu ambacho nyumbani kwao hawakigusi.

Sasa yule dada asiyeitika. Mwanangu, usimhukumu haraka. Kwetu kupanda chombo bila kusalimia uliyemkuta ni ukiwa. Kwao, katika nchi nyingi za kaskazini, mtu aliyebanwa bega kwa bega na asiyemjua humheshimu kwa kujifanya hamwoni. Anakujengea ukuta kwa kukosa ukuta. Ukiongeza hedifoni zile zinazokata kelele za injini, huenda salamu yako haikumfikia kabisa.

Nilimwona mzee mmoja wa Pemba, kofia yake nyeupe imenyooka, amekaa na kijana wa Kijerumani kwenye ndege ya usiku. Nimewapa sahani zao, kuku na wali wote wawili. Mzee hakufunua. Akamgeukia kijana, akanyoosha kiganja juu ya sahani yake: "Karibu." Kijana akatoa hedifoni, akaitazama sahani ya mzee, akaitazama yake, vitu vilevile, mkate uleule mdogo kwenye karatasi ya nailoni. Akaniangalia mimi kama anayeomba mkalimani. Nikamwambia mzee anakukaribisha chakula. Akafikiri kidogo, akanyoosha mkono, akachukua kipande cha mkate wa mzee, akakila. Mzee akacheka, akasema bismillahi, akaanza. Kijana naye akamsogezea keki yake. Hawakuelewana neno hata moja hadi tunatua, lakini asubuhi kijana ndiye aliyemshushia mzee begi lake kabatini.

Sisi wahudumu nasi tuna salamu zetu, na hizo uzielewe vizuri. Nikisimama mlangoni nikakwambia "karibu sana", mdomo unakaribisha, macho yanakagua. Nani ananuka pombe. Nani anatetemeka kwa homa. Nani hajiwezi kutembea, atahitaji mkono. Nani kijana mwenye mabega mapana anayepita kwenda kukaa karibu na mlango wa dharura, maana likitokea la kutokea huyo ndiye nitakayemwita kwanza. Ukiitikia salamu yangu umenipa habari: unasikia, unaelewa lugha, umetulia. Abiria anayepita kimya macho chini hanikasirishi, ananiachia fumbo tu.

Na maneno yetu matamu mengi ni amri zilizopakwa asali. "Tafadhali nyoosha kiti chako" si ombi. Ndege ya viti zaidi ya 44 haipewi cheti mpaka ithibitishwe kuwa watu wote waliomo wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Kiti kilicholala kinamfungia wa nyuma, meza iliyofunguliwa inamfungia wa dirishani. "Tafadhali fungua pazia la dirisha" maana yake tunataka kuona nje kama kuna moto upande huo kabla hatujafungua mlango. Taa zinazimwa usiku wakati wa kutua ili macho yazoee giza mapema. Nami ukiniona kwenye kiti changu cha kukunja, nimekalia viganja vyangu, kimya kama aliyefiwa, jua napitia kichwani namna mlango wangu unavyofunguliwa na maneno nitakayopiga kelele. Ndiyo maana sikujibu tabasamu lako dakika ile.

Kuna hata adabu kwa mkosaji. Sigara zimepigwa marufuku, lakini tazama mlango wa choo: kisahani cha kuzimia sigara kipo palepale, hata kwenye ndege mpya kabisa. Sheria inakidai. Yupo atakayevuta hata ukimkataza, na ni afadhali akizime kipisi hapo kuliko kukitupa kwenye pipa la karatasi. Mwaka 1973 ndege iliyokuwa imebakiza dakika chache kutua Paris ilijaa moshi wa moto ulioanza chooni, wakafa watu 123.

Kiti cha dirishani kisikusute tena. Aliyeomba alikuwa na haki ya kuomba, nawe ulikuwa na haki ya kukataa, na "hapana, samahani, nilikichagua mwenyewe" inatosha. Mwenye kuomba kiungwana huja na kiti kilicho sawa au bora mkononi, na huomba kabla hajakaa. Anayekutaka uache dirisha ukakae katikati, karibu na choo, huyo anaomba zawadi, na zawadi haidaiwi. Kama jambo ni mama na mtoto mdogo waliotenganishwa, tuitwe sisi. Ndege nzima ni ubao wetu wa bao, tunajua kete ipi inahamia wapi. Ila usihamehame mwenyewe kabla hatujaruka, na kwenye zile ndege ndogo za viti 12 za kwenda Pemba au Mafia usihame kabisa. Kule unapimwa uzito na unaonyeshwa pa kukaa, maana mtu mnene akihamia nyuma rubani anaisikia mikononi.

Kiti cha katikati kina sheria yake isiyoandikwa, mimi naishikilia: wa dirishani ana ukuta wa kuegemea, wa njiani ana nafasi ya kunyoosha mguu, kwa hiyo sehemu zote mbili za kuwekea mikono ni za wa katikati. Hana kingine maskini.

Tuje kwenye mwili. Ndege ya masafa marefu huruka futi 35,000 na zaidi, mahali ambapo bila hewa ya kusaidiwa mtu ana sekunde 30 hadi 60 tu za akili timamu. Ndiyo maana tunakuambia uvae barakoa yako ya oksijeni kwanza ndipo umvalishe mtoto, jambo ambalo akina mama wetu hulisikia kama tusi. Ndani tunasukumiwa hewa ya mgandamizo wa kuvumilika, lakini si wa pwani. Ni kama wa futi 6,000 hadi 8,000. Wewe unaujua Kilimanjaro: kwenye ndege nyingi ni kama umekaa njiani kati ya lango la Marangu na vibanda vya Mandara. Kwenye Boeing 787 kiwango ni futi 6,000, kwa hiyo unabaki karibu na lango lenyewe, na wengi hushuka wakiwa na nafuu kidogo. Lakini mpanda mlima hupanda kwa mguu, siku nzima. Wewe uliondoka Dar usawa wa bahari, ukapandishwa huko kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Hewa iliyofungiwa mahali, ikipandishwa hadi futi 8,000, hutanuka kwa theluthi moja. Umeona mfuko wa viazi vya kukaanga unavyovimba kama puto juu huko? Tumbo lako lilifanya hivyohivyo. Maharage ya mchana, soda mbili uwanjani, bablishi, vyote vinapanda nawe na vinadai nafasi. Nani alaumiwe? Mwaka 2013 jarida moja la kitabibu la New Zealand lilichapisha makala ya madaktari waliolitazama jambo hili kwa makini wakashauri abiria asijibane, kwa kuwa kujibana kunamwumiza. Mimi nakushauri utembee kwenda chooni, huko kelele za choo zinafunika kila kitu. Hewa ya ndani isikutie hofu; inapitishwa kwenye vichujio vizuri na hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa, kwa hiyo aibu yako haidumu.

Miguu ilivimba kwa sababu vigimbi vya miguu ndivyo pampu zinazorudisha damu juu, nawe ulivizima usiku kucha. Zungusha vifundo, kanyaga vidole kama unayecheza muziki chini ya meza, inuka kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho. Kunywa maji, maana unyevu wa hewa ya humo ni chini ya asilimia 20, kavu kuliko Dodoma ya kiangazi. Safari ikizidi saa 4 hatari ya damu kuganda mguuni inaongezeka, ingawa kwa mtu mzima mwenye afya bado ni ndogo. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake ukawa na joto na maumivu, au kifua kikabana siku zinazofuata, usiukande na mafuta, nenda hospitali siku hiyohiyo. Viatu vua ukiwa umekaa, soksi zikiwa safi. Ukienda chooni vaa. Yale majimaji sakafuni, mwanangu, si maji siku zote. Siku nyingine ni maji kweli, ya mtu aliyetawadha na kuosha miguu kwenye sinki dogo kama bakuli, na mimi Mwislamu nimeyakausha kwa magazeti bila kinyongo, lakini ningefurahi kama angefuta mwenyewe.

Adabu moja ya nyumbani ambayo mama yako asiipeleke uwanja wa ndege ni ya "nishikie mzigo". Kwenye daladala ni utu mtupu: aliyekaa humpakatia aliyesimama begi lake, pengine hata mtoto wake. Kwenye foleni ya ndege akatokea binti mpole, "Shikamoo mama, mzigo wangu umezidi kilo mbili tu, naomba unibebee hiki kifurushi, kule atakipokea kaka yangu." Jibu ni hapana. Awe analia, awe mtu wa kwenu, awe ametaja jina la mama yako mzazi. Kinachokutwa kwenye begi lako ni chako mbele ya sheria, na zipo nchi ambako dawa za kulevya zinakupeleka kwenye kitanzi. Mwambie mama akishindwa kusema hapana, aseme "ngoja nimwulize askari yule pale". Mwenye nia njema atasubiri.

Begi lake la mkononi lifunge wewe. Tangu 2006, ilipogunduliwa London njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, chupa yoyote ya mkononi isizidi mililita 100 katika viwanja vingi, na vimiminika ni pamoja na asali, samli, mafuta ya nazi na ile achari ya embe anayompelekea mdogo wako. Hivyo viende kwenye begi la kupakiwa, vimefungwa vizuri, maana hewa iliyomo kwenye chupa nayo inatanuka, nawe uulize kwanza kama nchi anayokwenda mama inaruhusu. Dawa za presha na sukari, kinyume chake, zikae mkononi pamoja na karatasi ya daktari. Begi la chini likipotea siku mbili, nguo zitaazimwa, dawa haziazimwi.

Piga simu kwa shirika lake angalau saa 48 kabla, uombe kiti cha magurudumu. Atakataa, atasema yeye si mgonjwa. Mweleze kwamba hakihusu miguu. Anayekisukuma ndiye atakayemvusha kwenye kubadilisha ndege, kwenye foleni za uhamiaji na zile lifti na treni za uwanjani, bila yeye kuhitaji Kiingereza. Kama ana kisukari, siku hiyohiyo agiza chakula chake. Usipoagiza, nitafika safu ya 34 nikiwa na samaki peke yake na tabasamu, nikimwambia "leo tuna samaki mzuri sana", na sasa unajua tabasamu hilo maana yake nini. Mwandikie kwenye karatasi, kwa Kiswahili na Kiingereza, sentensi tano: naomba maji, naomba blanketi, sijisikii vizuri, choo kiko wapi, naomba unipigie mwanangu simu kwa namba hii.

Mwambie pia asisimame magurudumu yakigusa chini. Wote watasimama, wataanza kuvuta mabegi huku ndege inatembea, na mhudumu atawaomba kwa sauti ya asali wakae. Na likitokea jambo, mabegi yabaki. Januari 2024 ndege iliyotua Haneda, Tokyo, iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani ikashika moto, na wote 379 waliokuwa kwenye ile kubwa wakatoka hai, mizigo yao wakaiacha iungue. Watano kati ya sita wa ile ndogo hawakupona.

Sasa pipi. Sikio lina chumba kidogo chenye hewa nyuma ya ngoma, na mrija mwembamba unaokiunganisha na nyuma ya pua. Kupanda si tatizo sana, hewa inayotanuka hutoka yenyewe. Kushuka ndiko kugumu: mgandamizo wa nje unaongezeka, mrija unabaki umefumba, ngoma inavutwa ndani, na kama una mafua kama ninavyohisi ulikuwa nayo, mrija umevimba haufunguki. Unaofungua ni mwendo wa kumeza na kupiga miayo. Mtoto ananyonyeshwa wakati wa kushuka kwa sababu hiyohiyo. Mtu mzima hubana pua, akafunga mdomo, akapuliza taratibu mpaka asikie "pwa", asipulize kwa nguvu. Au anamung'unya kitu, mate yajae, ameze, ameze tena.

Yule dada alikuona umeshika sikio, machozi yanashuka. Hana Kiswahili, pengine hana hata ujasiri wa kuanza mazungumzo na mtu aliyemnyima salamu saa tisa zilizopita. Ulifanya sawa kukataa, na ningekuwa mama yako ningekusifu. Ya kwenye mabasi tunayajua. Lakini ndani ya ndege, dakika ishirini kabla ya kutua, wote mmefungwa mikanda, hakuna anayeweza kukuibia akashuka kituo kinachofuata. Ile pipi ndiyo ilikuwa marahaba yake, ilichelewa tu.

Mama yako mfungashie pakiti mbili za pipi za mnanaa kwenye mfuko wa pembeni wa begi, zisizofunguliwa. Moja ale yeye ndege ikianza kushuka. Nyingine aifungue mbele ya jirani yake, amwambie "karibu", hivyohivyo kwa Kiswahili.